Mchezo wa elfu kumi ulivyonitoa kwa dada

Nilikua nalipwa elfu nane kwa siku kwenye kiwanda cha ndoo za plastiki huku barabara ya Nyerere, Dar, kibarua yani, hujaja hujalipwa, na nilikua nakaa kwa dada Charambe. Piga hesabu sasa, Rangi Tatu mpaka Tazara gari moja, Tazara kwenda mbele gari ya Gongo la Mboto, kwenda na kurudi 2,400, mchana kwa mama ntilie 2,000, nabaki na 3,600 na unga wa nyumbani lazima nichangie, dada ana watoto watatu jamani.

Kazi yenyewe ndoo inatoka kwenye mashine bado ya moto unakwangua kingo kwa wembe, vidole mpaka leo vina alama. Saa moja asubuhi mpaka saa moja usiku. Sheria ya ajira ya 2004 inasema mwisho masaa tisa kwa siku, zaidi ya hapo ni ovataimu, unalipwa mara moja na nusu, ila ukiuliza msimamizi anakuonyesha geti, pale nje kuna watu wamekaa tangu alfajiri wanasubiri nafasi yako. Inaniuma sana hii.

Nikaona nihamie Kiwalani niende kazini kwa mguu. Vyumba vya 40,000 vipo ila kila mtu anataka miezi sita, nimezunguka jumapili tatu ndo nikapata mzee mmoja kakubali mitatu. 120,000 hiyo.

Mama anaeuza chai pale getini ni kijumbe, yani ndo anakusanya hela za mchezo, watu 12, kila mtu elfu kumi kila jumamosi, na kila wiki anapokea mmoja kwa namba yake. Nikamuomba namba ya mapema. Akaniambia, "Mwanangu, ukipokea ukapotea hawa wote wananidai mimi." Nikamwambia mama sipotei. Akafungua daftari lake limejaa mafuta ya chapati, akaniandika namba nne. Wiki hizo nne mchana nakula mihogo ya kuchemsha nimebeba na kopo kutoka nyumbani.

Nilipohama, ile nauli ndo ikawa inalipa mchezo. Kuna wiki malaria ilinilaza siku tatu nikatoa hela ya unga, ila jumamosi nilipeleka.

Saizi tupo raundi ya pili na nimeomba namba ile ile, maana ikizunguka wiki 12 kodi nayo inakua inakaribia kuisha. Kitanda bado, nalalia godoro chini.