Huyo Ana Sindano

Usiku ule sisi tulitoka na tochi, mjomba akatoka na kisu. Bata mzinga alikuwa amepiga ukelele ulioamsha nyumba nzima, na kwa mjomba, ukelele wa namna ile maana yake ni moja: wahi kabla hajawa kibudu.

Ilikuwa Isevya, Tabora mjini, mwezi wa kumi mwaka 2011, joto lile la kusubiri mvua. Bata mzinga wa mama walilala juu ya mwembe na huko hakuna aliyewasumbua. Huyu jike alikuwa anaatamia, chini, nyuma ya stoo, na bata mzinga akishakalia mayai haondoki hata umtishe. Sisi tuliwahi kuona mkia tu ukipotea ukutani. Mjomba akasema kicheche.

Ngozi ilikuwa imechanika kuanzia shina la shingo hadi begani, imefunuka, nyama inang'aa kwenye mwanga wa tochi. Pembeni yake palikuwa na matundu mawili madogo ya meno, hata damu hayakutoa.

"Dada, tumchinje angali hai."

"Subiri kukuche."

"Kukikucha utampa nani kibudu?"

Mama hakumjibu. Alimviringisha yule ndege kwenye khanga kuukuu, mabawa yakabanwa, akanikabidhi. Ukimwachia bawa moja tu atakupiga nalo usoni, na si pigo la mchezo. Tulipomfunika kichwa akatulia.

Maji yalichemshwa yakapozwa, kijiko cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Kwa bomba la sindano lisilo na sindano mama akawa anayasukuma ndani ya jeraha, yanatoka na vumbi, na majani, na vipande vya manyoya, anavuta mengine, mpaka yakatoka safi. Manyoya ya pembeni aliyakata kwa mkasi. Ukiyang'oa unazidi kuichana ngozi. Halafu akampa maji ya kunywa kwa kijiko na kuniambia nimulike jeraha. Mfuko wa chakula wa ndege uko pale pale chini ya shingo, ukitoboka, anachokunywa kinatokea nje. Nilimulika huku nimebana pumzi. Hakikutoka kitu.

Mwisho akapaka asali. Tabora asali haikosekani, na ya kwetu ilitoka Sikonge, nyeusi, nzito. Asali hufyonza maji ya jeraha, vijidudu wakashindwa kustawi. Shida yake ni sisimizi. Ikabidi boksi la mgonjwa liwekwe juu ya meza, kila mguu wa meza ndani ya kopo la maji, na juu chandarua, maana nzi wakitaga kwenye jeraha utakuta funza. Wenzake hawakuruhusiwa kumkaribia. Wakiona wekundu wanadonoa.

Asubuhi akaja daktari wa mifugo kwa pikipiki. Lile jeraha kubwa alilitazama akasema limeoshwa vizuri, wala hakulishona, kwani jeraha la meno ukilifunga umefungia uchafu ndani. Alichokodolea macho ni yale matundu mawili. Kwa maelezo yake, jino la mnyama mla nyama linapenyeza vijidudu ndani kabisa, ndege anakufa haraka huku kwa nje unamwona mzima. Akamdunga antibiotiki kwenye nyama ya kifua, akaacha dozi nyingine, kisha akamgeukia mjomba, sijui alijuaje:

"Nyama yake isiliwe mpaka dawa iishe mwilini."

Mjomba alirudisha kisu jikoni.

Mayai alihamishiwa kuku aliyekuwa ameanza kuatamia. Maskini yule kuku, ya kwake huanguliwa kwa siku 21, ya bata mzinga yanataka 28, lakini alivumilia, na baadhi yakaanguliwa. Mgonjwa mwenyewe alisusa pumba, akaanza na mchicha uliokatwakatwa na yai la kuchemsha. Jeraha likajaa nyama taratibu, ngozi ikijivuta kutoka pembeni.

Iddi ya kuchinja ikafika, wageni wakawa wanamsifia unene. Kila aliyeuliza bei mjomba alimwahi: "Huyo ana sindano." Mwaka ukageuka, dawa imeshasahaulika, na jibu lake likawa lile lile.