Kichocheo cha nikeli kiligoma, rangi ya unga ikanipa jibu

Wiki mbili nzima nilikuwa napitisha kaboni dayoksaidi na hidrojeni, kwa uwiano wa 1 kwa 4, juu ya kichocheo (kitu cha kuharakisha mmenyuko), unga wa nikeli kwenye alumina, yaani oksidi ya alumini, nyuzi 350 za Selsiasi. Kilichopaswa kutoka ni methani na maji, mmenyuko uleule wa Paul Sabatier, aliyepata Nobel mwaka 1912. Kilichotoka ni gesi zilezile nilizoingiza.

Nikaanza kulaumu mitungi. Nikabadilisha gesi, nikakagua viungio kwa povu la sabuni. Wapi!

Kumbe jibu lilikuwa mbele ya macho yangu. Nilipomwaga unga kwenye karatasi nyeupe niliona samawati iliyopauka. Nikeli iliyo tayari kwa kazi huwa nyeusi. Samawati ile ni ya aluminati ya nikeli, yaani nikeli iliyoungana na alumina: wakati wa kuutengeneza nilikuwa nimeuchoma unga kwa nyuzi 800, nikidhani moto mkali ndio usafi, na nikeli ikajifungia ndani ya alumina. Hidrojeni ya nyuzi 500, ya kuiandaa nikeli kwa kazi, haiing'oi humo kirahisi.

Nikatengeneza mwingine. Safari hii nilichoma kwa nyuzi 400 tu, kisha nikapitisha hidrojeni kwa nyuzi 500 mpaka unga ukawa mweusi tii. (Ukiwa hivyo usiufungulie hewa ghafla, unaweza kuwaka wenyewe.) Nikarudisha gesi zote mbili. Nusu saa haikupita, vitone vya maji vikaanza kujipanga kwenye ncha ya baridi ya mrija wa kioo. Methani niliipima baadaye, lakini kwa vitone vile nilishajua.