Eti nimejipakulia minofu

Makubwa ya wiki tuyamalize kwanza: mdogo wangu kajifungua salama, wa kiume, msimu wa pili wa tamthilia yetu umesainiwa, na mwenye nyumba kapandisha kodi. Mnaodai picha za mtoto, mdaini baba yake, kazificha huko kwenye simu yake. Mimi leo nimekuja na sentensi moja tu ya bosi. Imeninasa tangu Jumanne na haibanduki.

Tulikuwa tunasoma skripti mezani, kikosi kizima, chapati zimeshapoa, feni inapeperusha kurasa. Tukafika sini ya mirathi. Bosi (mnamjua, yule wa "tupunguze maneno") akasoma mpaka mwisho, akarudi kurasa mbili nyuma, akasoma tena kimoyomoyo huku sisi tunamsubiri. Halafu akasema, "Dada mwandishi, naona hapa umejipakulia minofu."

Yaani nimejipa uhusika mtamu, maana naandika na naigiza. Meza nzima ikacheka. Mpiga picha alicheka na chai mdomoni, ikamtokea puani. Mimi nikajibu, "Karibu kaka, ipo ya kutosha." Wakacheka tena. Bosi akafungua ukurasa unaofuata, kazi ikaendelea.

Basi, ni hayo tu. Hakuna aliyegombana wala aliyenuna. Lakini tangu siku hiyo nayarudia kichwani nikioga, nikisubiri daladala, nikimsikiliza mdogo wangu akinisimulia uchungu ulivyoanza usiku wa manane. Alisema "naona" kwa kunitania au kwa kunishitaki? Alikuwa ananitazama mimi au karatasi? Na lile jibu langu la "ipo ya kutosha", waliosikia walielewa nini? Maana mtu akikwambia umejipakulia na wewe ukamkaribisha ale, huko si ndiko kukiri?

Wanaosoma hapa tangu zamani wanamjua mke mkubwa wangu, mhusika wa kwenye tamthilia. Nimemwandika, nikamfuta, nikamrudisha, na mwishowe ikaamuliwa nimwigize mwenyewe kwa sababu dada tuliyemtaka alikuwa na tamthilia nyingine. Sasa niwaonyeshe minofu yenyewe. Kwenye sini hiyo shemeji mtu ana hotuba ya ukurasa mzima. Mke mdogo anaangua kilio, anajitupa chini, anamtaja marehemu kwa majina yote. Watoto wa nje wanaingia na wakili. Mke mkubwa yuko pembeni kwenye mkeka na ungo wa mchele. Anachambua. Kijiwe akikipata anakiweka juu ya goti, juu ya kanga, vinapangana. Mstari wake ni mmoja: "Chai ipo jikoni." Ukihesabu maneno, hata wakili kamzidi.

Ndipo nikamkimbilia Emma Thompson, mwigizaji na mwandishi wa filamu wa Uingereza, kama kawaida yangu nikibanwa. Najua kuna wenzangu mmeshachoka naye. Vumilieni.

Huyu mama wa London, mzaliwa wa 1959, aliingia kwenye uandishi kwa mlango wa vichekesho. Alisoma Cambridge, akawa kwenye kundi la wachekeshaji la chuo, Footlights, pamoja na Stephen Fry na Hugh Laurie. Mwaka 1988 BBC wakampa kipindi chake mwenyewe, kikaitwa kwa jina lake la ukoo, Thompson. Aliandika yeye, akaigiza yeye. Wahakiki walimshukia vibaya. Mtu mmoja tu, mzalishaji wa Kimarekani aitwaye Lindsay Doran, alivitazama vile vichekesho akaona ndani yake kitu alichokuwa anakitafuta kwa miaka: mtu anayeweza kuandika watu wa zamani wakachekesha na bado wakauma. Doran alikuwa anamtafuta mwandishi wa kuifanyia filamu riwaya ya Jane Austen, Sense and Sensibility. Akampa kazi mtu ambaye hajawahi kuandika filamu hata moja.

Ilimchukua miaka kama mitano, huku akiendelea kuigiza. Katikati ya miaka hiyo alipata Oscar ya mwigizaji bora, 1993, kwa Howards End. Rasimu ya kwanza ya skripti ilikuwa kurasa kama 300 kwa mkono, kila tukio la kitabu limewekwa ndani. Baadaye akaipunguza, akaipunguza tena. Siku moja kompyuta yake ikaigeuza skripti yote kuwa alama zisizosomeka. Akaibeba hiyo mashine kwa teksi hadi kwa Stephen Fry, ambaye alihangaika nayo saa nyingi mpaka akaitoa salama. (Tangu nisome habari hiyo najitumia skripti kwa barua pepe kila jioni, na mume wangu hucheka.)

Kinachonihusu ni hiki. Elinor, dada mkubwa wa kwenye hadithi, anayemeza kila kitu, aliigizwa na Emma mwenyewe. Mtu wa pale mezani kwetu angesema neno lilelile. Lakini mwandishi hakujipa. Alikuwa na waigizaji wengine kichwani, alijiona mzee mno. Elinor wa kitabuni ana miaka 19, yeye alikuwa na 35. Ni Ang Lee, mwongozaji kutoka Taiwan, aliyemtaka yeye, akashauri umri wa Elinor usogezwe mpaka 27 ili mambo yakae. Kwa hiyo pale aliyepakua alikuwa mtu mwingine, mwandishi kasogezewa sahani tu.

Hapo nikawa na jibu la kumpa bosi. Siku mbili nilitembea nalo. Nikaliongezea na ushahidi: mtazame alivyojifanya kila alipoandika na kuigiza. Mwaka 2001, kwenye Wit, aliyoiandika na Mike Nichols, alijipa profesa mwenye saratani ya ovari, kichwa kimenyolewa kipara, kamera usoni kuanzia mwanzo. Mwaka 2005 akaandika Nanny McPhee kutoka vitabu vya Christianna Brand, na uhusika aliouchukua ni wa yaya mwenye chunjua usoni, pua kama kiazi na jino moja lililotokeza juu ya mdomo. Mwanamke mwenye Oscar mbili ndani ya nyumba anakaa kwenye kiti cha mapambo kila asubuhi abandikwe chunjua. Minofu iko wapi hapo, kaka?

Maana Oscar ya pili ilikuja 1996, kwa ile skripti. Mpaka leo hakuna mwingine aliyewahi kupata ya kuigiza na ya kuandika pia. Na nimesoma kwamba huziweka chooni. Choo cha wageni lakini.

Nilishaipanga hotuba yangu vizuri. Ningeanza taratibu, "Kaka, ile Jumanne ulisema…" Alhamisi nilimkuta kwenye ngazi, akaniuliza kuhusu mtoto, kafanana na nani, nikamwambia na babu yake, akapanda zake juu.

Jumamosi Mama akaja kukaa. Umeme ulikuwepo, watoto wako kwa shangazi yao, nikamwekea Sense and Sensibility. Kiingereza cha Mama ni cha "good morning" na bei za sokoni, kwa hiyo nilikaa naye ninamtafsiria. Kumbe hakuhitaji sana. Inaanza na baba yuko kitandani anakufa, anamwambia mtoto wa mke wa kwanza: waangalie mama yako wa kambo na wadogo zako. Mtoto anakubali, machozi yanamlenga. Halafu mke wake anamchukua pembeni, na kidogo kidogo, kila wakipiga hatua, msaada unapungua, kutoka pauni 3,000 hadi zawadi za hapa na pale. Mama akapiga kofi gotini. "Huyu wifi namjua! Kahama tu mtaa." Na sisi tuliyaona hayo kwenye mirathi ya Babu.

Nikawa namweleza nani ni nani. Huyu mdogo ni Marianne, Kate Winslet, hakuwa ametimiza miaka 20 walipoanza. Analia, anakimbia kwenye mvua, anaugua karibu kufa kwa ajili ya mwanamume. Huyo mwanamume mwenye farasi, Greg Wise, ndiye aliyekuja kumuoa mwandishi maishani, walikutana hapohapo kazini. Mama akasema "kumbe," halafu akaniashiria ninyamaze.

Ilikuwa sini ya Marianne analia kwa sauti, Elinor kakaa karibu yake, hasemi. Nilidhani Mama anamuonea huruma mlizi. Nikamwambia, pole zake, kaachwa kwa barua. Mama akasema, "Huyo simwangalii. Namwangalia huyu mkubwa, ana jambo."

Na kweli ana jambo. Wakati huo Elinor ameshaambiwa siri kwamba mwanamume anayempenda ana mchumba mwingine, na amefungwa mdomo kwa ahadi. Sikuwa nimemweleza Mama siri hiyo, nilikuwa nimepitwa na maneno. Aliiona usoni tu. Kutoka hapo nikaacha kuitazama filamu nikamtazama Mama akitazama. Macho yake yalikuwa yanamfuata Elinor popote anapokwenda, hata akiwa nyuma kabisa anashona. Na mwishoni, Edward, yule anayempenda, anaporudi, wote wakiamini ameshaoa, ikajulikana kwamba aliyeoa ni mdogo wake wa kiume, basi Elinor akaachia kile kilio, kile cha mtu aliyebana filamu nzima, mama yake na wadogo zake wakatoka chumbani wamwachie nafasi, Mama yangu naye akainuka kwenye kochi. Alitaka kutoka nao! Akacheka, akakaa.

Nikacheka mpaka nikaumwa mbavu, halafu nikashtuka.

Kwa sababu bosi alirudi kurasa mbili nyuma. Hilo ndilo nililokuwa nimeliruka siku zote nilipokuwa nayarudia maneno yake. Wengine wote pale mezani walihesabu mistari, mke mdogo alinipa pole kabisa wakati wa chai, "umejinyima, dada." Shemeji mtu alinishukuru kwa hotuba. Bosi peke yake ndiye aliyesoma sini yenye hotuba na kilio na wakili, akasimama, akarudi kuutafuta ule ungo. Aliviona vile vijiwe kwenye goti. Alijua kwamba siku ya kurekodi, shemeji akifoka na mke mdogo akijitupa, watu majumbani watakuwa wanatazama vidole vya mwenye mchele.

Na mimi nilijua nilipoiandika. Nilijua vizuri sana. Ile "Chai ipo jikoni" niliiandika saa nane usiku nikaisema kwa sauti kwenye giza, mume wangu akaamka akauliza kuna nini. Emma Thompson naye, aliyekaa na Elinor miaka yote hiyo kabla Ang Lee hajatokea, mtu asiniambie hakujua alichokuwa anakiweka ndani ya ule ukimya. Uteuzi wa Oscar ya mwigizaji bora aliupata palepale, kwa uhusika huohuo, mwaka uleule aliotuzwa kwa kuuandika. Haya, tuseme alisogezewa sahani. Chakula alipika nani?

Kwa hiyo hotuba nimeitupa. Nikikutana naye Jumatatu sitasema lolote, ila ile sini nitaichezea mpaka achoke kuitazama. Nimeshanunua ungo mpya, na mchele wenye mawe siku hizi kuupata ni kazi, wote umesafishwa. Muuza duka alinishangaa nilipomuuliza kama ana ule mchafu. Mama kaahidi kunifundisha kupeta kama inavyotakiwa, maana anasema nilivyomwonyesha napeta kama mtu anayejipepea joto.

Baba yake Emma, Eric Thompson, alikuwa mtu wa hivyohivyo, anaandika na anasema. Walimpa vikatuni vya watoto vya Kifaransa avitie Kiingereza, yeye akayaacha maneno ya Kifaransa yalivyo, akawa anatazama picha tu na kutunga hadithi zake. Alifariki 1982, binti yake hajaandika bado hata kile kipindi kilichopondwa na wahakiki. Mama yake, Phyllida Law, naye ni mwigizaji, na mwaka 1997 waliigiza pamoja, mama na binti, kwenye The Winter Guest iliyoongozwa na Alan Rickman. Nilimwambia Mama habari hiyo. Akauliza walilipwa kila mtu pesa yake au waligawana.

Amelala sasa, chumba cha watoto. Kitu kimoja hakinipi raha. Alipovua ndala jioni, mikanda ilikuwa imechora alama miguuni, na saa mbili baadaye filamu ilipoisha zile alama zilikuwepo bado. Nikabonyeza kwa kidole juu ya kifundo, pakabaki shimo. Anasema ni joto na safari ya basi. Dawa zake za presha nimezikuta kwenye mkoba, karatasi ya mwezi uliopita, haijafunguliwa. Sijamuuliza. Kesho Jumapili kliniki ya hapa jirani haifunguliwi, na Jumatatu saa moja asubuhi gari la kazini linanipitia.