Kanga, Unga wa Ngano na Ukucha wa Kidoti

Kwa miezi minane sasa ninamfuga sungura mmoja ndani ya nyumba yetu ya kupanga hapa Tabata, na katika muda huo nimepokea ushauri mbaya mwingi kuliko niliopewa nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza. Karibu kila mgeni aliyeketi sebuleni alijua namna ya kumshika sungura, na karibu kila mmoja alianzia masikioni. Shemeji yangu, ambaye kwao Ifakara walifuga sungura wa kitoweo, aliniambia kwa uhakika kabisa, "Shemeji, masikio ndiyo mpini wake." Alisema hivyo huku amekwisha kunyoosha mkono, nami nikalazimika kusimama kati yake na banda.

Masikio ya sungura si mpini. Ni ngozi nyembamba iliyojaa mishipa ya damu, na ndiyo anayoyatumia kupoza mwili wake, jambo ambalo mtu yeyote anayeijua Dar es Salaam ya mwezi wa Januari atalielewa. Kumwinua kwa masikio ni kumtundika kwa sehemu isiyoumbwa kubeba uzito. Mwili wake wenyewe nao ni wa ajabu kidogo: mifupa yote ya sungura ni kama asilimia 7 au 8 tu ya uzito wake, ilhali ya paka hukaribia asilimia 13, na juu ya mifupa hiyo myepesi amepewa mapaja yenye nguvu nyingi. Miguu ya nyuma ikiachwa inaning'inia, akapiga teke moja la hofu, anaweza kuuvunja uti wa mgongo wake mwenyewe. Hayo niliyafahamu baadaye kuliko ilivyopasa.

Siku niliyolazimika kuyafahamu ilikuwa ya Novemba, jioni. Kidoti, ambaye mwanangu alimpa jina hilo kwa sababu ya baka jeusi lililo juu ya pua yake, alinasa ukucha wa mguu wa mbele kwenye wavu wa kuku tuliokuwa tumeutandaza chini ya banda. Alipojivuta, ukucha ukakatika katikati. Niliona matone ya damu kwenye vigae kutoka jikoni hadi chini ya meza, madogo, yenye nafasi sawa kati yao, kana kwamba mtu ameyapima. Kwa wasiwasi niliokuwa nao nilimwinamia kwa juu, nikamkamata tumboni kwa mikono miwili na kumnyanyua. Sungura huwindwa na ndege tangu azaliwe, kwa hiyo kitu kinachomshukia kutoka juu kwake ni mwewe, hata kikiwa na sauti ya upole. Alipiga teke, akanichana kuanzia kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko, akaniponyoka nikiwa nimemfikisha usawa wa kiuno. Aliangukia ubavu, kisha akaingia nyuma ya kabati la vyombo na kukaa huko kwa saa mbili nzima. Katika saa hizo mbili sikuwaza kingine ila mgongo wake, hadi alipotoka mwenyewe akiruka kwa miguu yote minne, ndipo nikaketi chini sakafuni.

Mkono wangu niliuosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, na kesho yake nikapita zahanati kuuliza kuhusu chanjo ya pepopunda.

Wakati huo jirani zangu walikwisha kufika. Mmoja alileta dawa ya meno, mwingine alisema majivu, na wa tatu alitaja mafuta ya taa, ambayo nilimwomba asiyataje tena mbele ya watoto. Kibaya zaidi kilitoka kwa muuzaji wa duka moja la dawa, aliyeniambia nifungue kidonge cha amoksilini na kumwaga unga wake kwenye maji ya kunywa. Alikuwa na nia njema na alikuwa tayari kunipa kwa bei ya chini. Nilimpigia simu afisa mifugo wa kata yetu kabla ya kununua, naye hata hakuningoja nimalize sentensi. Dawa za jamii ya penisilini, amoksilini ikiwemo, zikipita mdomoni mwa sungura huua vijidudu vyema vya tumboni mwake, vile vibaya vikatawala, na mnyama anaweza kufa kwa kuhara ndani ya siku chache. Ukucha uliokatika ungepona wenyewe, lakini dawa ile ingeniulia mnyama.

Sasa nieleze jambo ambalo ninajivunia, kwa sababu nililigundua kwa kujaribu na sikulitoa kwa mtu. Nilianza na taulo, ikashindikana: ni nzito, haimfungi vizuri, na kwa joto letu alianza kuhema haraka. Kisha nikachukua kanga ya zamani, ile iliyofuliwa hadi ikalainika. Niliitandaza sakafuni, nikaweka matembele machache kwenye mji, ile sehemu ya kati ya kanga, nikakaa kando yake bila kumwita wala kumtazama usoni. Siku ya kwanza alinusa pindo akarudi. Siku ya pili alikula jani moja huku miguu ya nyuma ikiwa bado kwenye vigae. Siku ya tatu alipanda mzima mzima. Hapo nilikunja upande wa kushoto ukapita juu ya mgongo na kuingia chini ya kifua, nikafuatisha upande wa kulia, kisha sehemu ya nyuma nikaileta mbele ili miguu yake ibaki imekunjwa chini ya mwili, kama tunavyomkunja mtoto mchanga anapotoka kuogeshwa. Kichwa kilibaki nje. Nilipofunika macho yake kwa kiganja, mwili wote ulilegea.

Akiwa hivyo humwinui juu. Unakaa chini, unamweka mapajani, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine ukiwa umebeba makalio, na mguu unaohitaji matibabu ndio pekee unaoutoa nje ya kanga. Hata akiponyoka ataanguka kimo cha kiganja tu. Usimlaze chali ukidhani ametulia. Sungura aliyegeuzwa tumbo juu hunyamaza kwa woga, si kwa utulivu.

Ukucha wenyewe, ambao ulikuwa ukianza kuvuja tena kila alipouparura, ulichukua muda mfupi. Nilichemsha maji nusu lita, nikatia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, nikayaacha yapoe kabisa, nikasafisha kwa kitambaa safi kwa sababu pamba huacha nyuzi. Kisha nikachovya ncha ya ukucha kwenye unga wa ngano mkavu na kubana kwa dakika tano bila kuchungulia. Kuchungulia ndiko kunakoirudisha damu. Spiriti sikuitumia, kwani huunguza nyama mbichi. Ule wavu wa kuku niliung'oa siku hiyohiyo na kutandika mkeka.

Kucha zake sasa ninazikata mwenyewe kila baada ya wiki sita hivi. Kwenye kucha nyeupe mshipa unaonekana kama uzi wa rangi ya waridi, nami hukata milimita mbili au tatu mbele yake. Kucha zake nyeusi zilinitesa hadi mwanangu alipowasha tochi ya simu na kuiweka chini ya ukucha; kivuli cha mshipa kikajitokeza wazi.

Mara moja tu nilimpeleka kwa daktari wa mifugo, wakati wa masika, nilipokuta mkwaruzo mgongoni na inzi wawili wakizunguka. Inzi hutaga kwenye kidonda kibichi au manyoya yenye unyevu, na mayai huweza kuanguliwa ndani ya siku moja, kwa hiyo sikungoja kuche. Bajaji, daktari na dawa havikuzidi elfu arobaini, kama kumbukumbu yangu ni sahihi. Daktari alininyolea manyoya kuzunguka kidonda, akaniambia nikiangalie asubuhi na jioni, na akanisisitizia nihesabu kinyesi kuliko kuhangaikia mkwaruzo. Sungura mwenye maumivu huacha kula, na asiyekula kwa saa kumi na mbili tumbo lake huweza kuacha kufanya kazi. Huyo anahitaji daktari, haidhuru kidonda kimekauka.

Shemeji alitutembelea tena wiki iliyopita. Nilitandaza kanga, Kidoti akaja mwenyewe akakaa juu ya mji, nami nikamwomba shemeji aketi sakafuni na kumpokea kwa mikono miwili. Alimshika hivyo kwa muda wa kutosha, kimya, mkono mmoja chini ya makalio, kisha akaniuliza matembele nayanunua wapi.