Jinsi nilivyowafanya wanafunzi wakubali kula lengalenga (mchicha)

Darasani kwangu hapa Bukavu watoto walikuwa wanajua yote kwa kichwa: vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu, vya kukinga magonjwa. Mtihani wanapita. Lakini tukila pamoja, ugali na sambaza (samaki wadogo) vinaisha, lengalenga inabaki sahanini. Nilijaribu michoro ukutani, wimbo, hata kukataza mandazi wakati wa mapumziko (hilo ndilo lililowaudhi zaidi). Bure.

Kilichosaidia ni kupika wenyewe kwa mbabula (jiko la makaa) uani. Tulinunua lengalenga soko la Kadutu, na nyanya, kitunguu, mawese, ndimu. Baada ya kunawa kwa sabuni, kila mtoto alichambua fungu lake na kutupa mashina magumu. Majani tuliyaosha kabla ya kuyakata. Kitunguu na nyanya vikakaangwa kwanza kwa mawese kidogo.

Siri iko hapa: lengalenga iingie mwisho, dakika chache tu, iepuliwe ingali kijani. Wengi waliizoea ile iliyopikwa muda mrefu kama sombe mpaka ikalegea kama uji. Sombe lazima ichemke sana, maana majani mabichi ya muhogo yana sumu. Lengalenga haidai hivyo, na moto mwingi hupoteza vitamini C. Ndimu waliikamua wenyewe sufuria ikishatoka motoni: huongeza ladha na kusaidia mwili kupokea madini ya chuma.

Aliyechambua majani kwa mkono wake huona aibu kuyakataa mbele ya wenzake. Sahani zilirudi tupu. Mama mmoja alikuja kuniuliza huwa tunapika dakika ngapi. Nikamwambia amuulize binti yake.