Ninavyowaandaa wanafunzi wa udaktari kwa kazi ya upasuaji hapa Nairobi

Wanafunzi wanaonijia wakitaka kuwa wapasuaji karibu wote huanza na ombi moja: "Daktari, tafadhali niingize thieta." Thieta, yaani chumba cha upasuaji, watafika. Kabla ya hapo nawapa kamba za viatu za kujifunzia mafundo. Kwa maoni yangu mkono ufundishwe nje, thieta ibaki mahali pa kufundisha macho na uamuzi. Mwanafunzi anayepigana na fundo lake hataona kwa nini mpasuaji amekata pale na si sentimita mbili juu yake.

Kamba ziwe mbili, nyeupe na nyeusi, zimeungwa ncha moja, zikazungushwa mguu wa kiti. Rangi ndizo mwalimu. Fundo bapa, yaani mizunguko miwili iliyofungwa kwa mielekeo tofauti, likikaa sawa, ncha nyeupe inarudi sambamba na upande mweupe ilikotokea, na nyeusi vivyo hivyo. Ncha zikitoka zimekaa msalaba, ujue mizunguko yote miwili imefungwa kwa mwelekeo uleule. Ukiona kamba moja imenyooka na nyingine imeizunguka tu, umevuta upande mmoja kwenda juu badala ya kuvuta pande zote mbili kwa usawa, na fundo hilo litateleza. Mikono lazima ipishane kila mzunguko wa pili. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu kupishanisha mikono kunahisi vibaya mwanzoni.

Akishafunga bila kutazama vidole, tunahamia uzi wa hariri wa 2-0 (hiyo ni namba ya unene wake) akiwa amevaa glavu, kisha glavu zilezile zikiwa zimelowa maji ya sabuni. Jaribio langu ni chupa tupu ya plastiki iliyosimama mezani: afunge fundo shingoni mwake bila chupa kuyumba. Chupa ikiinuka, ndivyo mshipa wa damu ungeng'oka. Baada ya hapo nakata chupa nyingine juu, nabandika ndoana chini kwa ndani, afunge fundo humo kwa kulisukuma na kidole cha shahada. Nailoni nayo ni nyororo na hupenda kurudi ilivyokuwa, kwa hiyo mizunguko mitatu inayotosha hariri haiitoshi.

Nyuzi za mazoezi hupatikana bure ukiomba stoo ya hospitali zile zilizopitwa na tarehe. Ziwekwe kwenye boksi lililoandikwa MAZOEZI TU kwa kalamu nene, na boksi hilo lisikanyage wodini. Koleo la kushikia sindano ukilinunua, lijaribu dukani: bana uzi mwembamba na uuvute. Ukichomoka, rudisha.

Kwa ngozi tunatumia miguu ya nguruwe. Mwambie mwenye bucha asiichome manyoya kwa moto, maana ngozi iliyochomwa hukauka na kukataa sindano. Ikitoka kwenye friza iachwe iyeyuke kabisa. Wanafunzi wasiotaka kugusa nguruwe hushona paja la kuku lenye ngozi, na ni zuri kwa kujifunza wepesi wa mkono kwa sababu huchanika upesi. Utumbo wa mbuzi ni wa baadaye, kwa kuunganisha matumbo, na huo unahitaji sindano yenye shina la mviringo lisilo na makali pembeni. Ngozi inahitaji sindano yenye makali pembeni. Nyama ya mazoezi haipikwi. Sindano zote ziende kwenye kisanduku cha vitu vyenye ncha kali, na zihesabiwe kabla ya mtu yeyote kuondoka.

Kata mstari wa sentimita nne hivi hadi mafuta yaonekane. Sindano ishikwe theluthi mbili kutoka ncha yake, iingie wima kabisa, kama milimita tano kutoka ukingoni, kisha kiwiko kitulie na kifundo cha mkono kizunguke kufuata mkunjo wa sindano. Wengi huisukuma moja kwa moja mbele, na sindano inapinda. Ukingo wa jeraha ukijikunja kwa ndani, sindano imepita juujuu mno. Ngozi ikigeuka nyeupe chini ya uzi, umekaza kupita kiasi: jeraha la binadamu huvimba kesho yake, na uzi uliokazwa leo kesho utakuwa unakata. Pande zigusane, basi. Kibano chenye meno kiinue ngozi, kisiifinye.

Wanaotumia mkono wa kushoto wanahitaji msaada wa pekee. Makoleo mengi yametengenezwa kufunguka kwa msukumo wa kidole gumba cha kulia, hivyo wao hulazimika kuvuta gumba ndani badala ya kusukuma nje. Nawaketisha ana kwa ana nami wanione kama kioo, na simruhusu mtu yeyote awalazimishe kugeuza mkono.

Sasa thieta. Jioni ya kuamkia siku hiyo mwanafunzi asome upasuaji mmoja tu, na aje na swali moja kuhusu anatomia yake. Asubuhi anywe chai na ale. Kuzimia kwa kusimama na njaa ni jambo la kawaida. Asikaze magoti. Kichwa kikizunguka, arudi nyuma mbali na meza, aseme, aketi sakafuni. Akifika, ajitambulishe kwanza kwa sista wa thieta, amwambie saizi ya glavu zake, na mfupi aombe kijukwaa cha kusimamia mapema badala ya kunyoosha shingo kwa muda wa saa tatu. Kunawa kwa upasuaji ni dakika tatu hadi tano, mikono ikielekea juu ili maji yatiririkie viwikoni. Ukishavaa gauni, mgongo wako na sehemu ya chini ya kiuno si safi tena. Ukigusa kitu kisichofaa, sema papo hapo. Namheshimu sana mwanafunzi anayesema "Nimegusa" kuliko anayenyamaza.

Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2008 husomwa mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla ya mgonjwa kutoka thieta. Namtaka mwanafunzi aisikilize yote, maana inaonyesha nani anabeba nini chumbani. Akichomwa na sindano, aoshe kwa maji na sabuni bila kukamua, atoe taarifa mara moja, na PEP, yaani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, ianzwe mapema iwezekanavyo, isizidi saa 72.

Kuhusu kuchagua kazi ya upasuaji, nasisitiza sana wamfuate mgonjwa mmoja tangu kliniki hadi nyuzi zitolewe. Kijana aliyeanguka na bodaboda akavunjika paja atakufundisha kuhusu mifupa zaidi ya saa mbili za kutazama nondo ikiingizwa ndani ya mfupa: kusubiri zamu ya thieta, kubadilisha bandeji, kumweleza mama yake kwa nini mguu bado umevimba. Anayechoka na sehemu hizo afikirie upya kabla hajachagua, kwa kuwa ndizo nyingi kuliko kukata.

Safari ni ndefu na aijue mapema. Baada ya miaka sita ya MBChB, shahada ya kwanza ya udaktari, na mwaka mmoja wa intanshipu, yaani kufanya kazi hospitalini ukisimamiwa, kuna njia mbili kuu: shahada ya uzamili chuoni, kama MMed ya Chuo Kikuu cha Nairobi, au mafunzo ya COSECSA, chuo cha wapasuaji wa mashariki, kati na kusini mwa Afrika kilichoanzishwa 1999. COSECSA haina darasa moja. Unajifunzia kazini katika hospitali iliyoidhinishwa. Mtihani wa uanachama huja baada ya miaka miwili, na upasuaji wa jumla hukamilika kwa mitano.

Daftari la kazi lianze mwaka wa tatu: tarehe, upasuaji, na kama ulitazama, ulisaidia au ulifanya ukisimamiwa. Usiandike jina la mgonjwa wala kupiga picha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata ukiwa mwanafunzi. Ukihitaji barua ya mapendekezo, iombe kwa daktari aliyekuona ukifanya kazi, umpe daftari hilo na wiki mbili kabla ya siku ya mwisho.