Hakuna LUKU inayoanza na 9

Kibanda changu cha uwakala kiko Kirumba, karibu na mwalo. Kutwa nasomea watu tokeni za LUKU, yaani namba za umeme wa kulipia kabla, kwenye simu, huku wapakiaji wa dagaa wakipiga kelele nje. Katika kelele hizo "sita" na "tisa" ni kitu kimoja. Mama mmoja wa Igoma alinirudishia alichoandika:

"Inaanza na tisa."

"Hapana mama, ni sita hiyo."

"We umejuaje, na karatasi ninayo mimi?"

Kwa kuwa tisa haiwezekani. Tokeni unaiona ni tarakimu 20, lakini mita yenyewe inaisoma kama biti 66, kila moja 0 au 1. Biti 66 zote zikiwa 1 unapata 2 kwa kipeo cha 66, kasoro moja:

73,786,976,294,838,206,463

Hapo ndiyo dari. Kwa hiyo tokeni huanza na 0 hadi 7, na ikianza na 7, tarakimu ya pili haizidi 3. Anayekuuzia LUKU ya bei poa inayoanza na 8, huyo ni tapeli, achana naye.

Ila mimi namba yenyewe ndiyo imeniteka. Jumlisha tarakimu zake: 108. Basi inagawanyika kwa 9 bila kubaki kitu. Halafu ni tofauti ya vipeo vya pili viwili, ile ya kidato cha pili, hivyo inapasuka katikati: (2³³ − 1) mara (2³³ + 1). Upande wa kujumlisha unatoa 3 × 3 × 67 × 683 × 20,857. Upande wa kutoa ni 7 × 23 × 89 × 599,479. Vigawo vyote pamoja ni 384! Linganisha na 2⁶¹ − 1, ambayo padri wa Urusi, Ivan Pervushin, alithibitisha mwaka 1883 kuwa ni namba tasa. Kipeo 61 ni tasa, 66 siyo, na kipeo kisipokuwa tasa namba nayo haiwezi kuwa tasa. Kinyume chake hakikubali: 11 ni tasa, lakini 2¹¹ − 1 ni 2,047, yaani 23 × 89. Ndiyo hao wawili mliowaona hapo juu.

Iliyonisumbua ni 599,479. Kuhakikisha ni tasa kwa njia ya kawaida unaigawa kwa namba tasa zote hadi 773, nazo ziko 137. Nani ana muda huo na wateja wamepanga foleni? Bahati nzuri kuna mkato: kigawo tasa cha 2³³ − 1, ukiacha 7, 23 na 89, lazima ukikigawa kwa 66 kibaki 1. Hao watatu hawaigawanyi 599,479, kwa hiyo za kujaribu hadi 773 zinabaki 67, 199, 331, 397, 463, 661 na 727. Nilizimaliza kwa kalkuleta ya simu kabla chai haijapoa, na hakuna hata moja iliyogawanya.